Waacheni ndugu zenu watoke wacheze kwenye theluji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua za wasomaji. Barua ni ndefu kidogo, lakini jambo lenyewe limenikaa moyoni tangu niliposoma maoni ya msomaji mmoja aliyewalaumu Waafrika wa ughaibuni wanaokwenda kuteleza kwenye theluji. Alisema tunaiga maisha yasiyo yetu. Akaongeza kuwa mchezo wenyewe ni wa matajiri na wa watu waliozaliwa kwenye baridi, na kwamba mtu mzima mwenye wazazi na watoto wanaomtegemea nyumbani hana sababu ya kwenda kuangukaanguka msituni.

Mimi ni mzaliwa wa Makete, mkoani Njombe. Naishi Oslo, Norway, nafanya kazi katika shule ya chekechea, na majira ya baridi yakiingia nafundisha watu wazima skii, yaani kuteleza kwenye theluji kwa mbao mbili ndefu zinazofungwa miguuni, kila Jumatano jioni. Wanafunzi wangu si mabingwa wala hawana hamu ya kuwa mabingwa. Ni wauguzi, madereva wa basi, wafanya usafi, mpishi, wanafunzi wa chuo, akina mama wa nyumbani na mzee mmoja mstaafu. Karibu wote wanazungumza Kiswahili: Watanzania, Wakenya, Warundi, na Wakongo waliofika huku baada ya miaka mingi katika kambi za wakimbizi za Uganda. Nataka wasomaji wenu walijue darasa hili lilivyo, kwa sababu nimefundisha watu wa kila aina na sijapata kundi linalonipa raha kama hili.

Nianze na hilo la utajiri. Wengi wakisikia skii wanaiwaza ile ya kwenye televisheni, ambapo mtu anapandishwa mlimani kwa kiti kinachoning'inia kwenye waya, kisha anaporomoka kwa kasi ya gari. Hiyo ipo, na ni kweli kwamba ni ghali. Sisi tunafanya ile ya kwenda msituni. Skii zake ni nyembamba na nyepesi, kiatu kinafungwa mbele tu, kisigino kiko huru kuinuka, na unapita tambarare, unapanda na kushuka kwa nguvu zako mwenyewe. Wanorwe walisafiri hivyo tangu enzi na enzi, kwenda kuwinda, kanisani na kwa majirani. Mvumbuzi wao, Fridtjof Nansen, na wenzake watano waliivuka barafu ya Greenland kwa skii za namna hiyo mwaka 1888.

Msitu wenyewe ni bure. Kuna sheria ya mwaka 1957 inayompa kila mtu haki ya kupita katika ardhi isiyolimwa, awe mzalendo au mgeni aliyefika jana, bila kumwomba mwenye ardhi ruhusa. Na Oslo imezungukwa na misitu, bahari ikiwa upande wa kusini. Unapanda treni ya mjini na skii zako mkononi, pamoja na watu wanaotoka kazini na mifuko ya soko, unashuka Grorud, na baada ya mwendo mfupi uko ndani ya msitu wa Lillomarka. Njia zimetengenezwa na mashine inayoshindilia theluji na kuchonga mifereji miwili sambamba, upana wa miguu ya mtu, ya kupitisha skii. Kazi hiyo inafanywa na manispaa pamoja na chama cha Skiforeningen, ambacho kipo tangu mwaka 1883. Kwenye miti kuna alama: nyekundu ni njia ya skii, buluu ni njia ya miguu ya kiangazi. Njia nyingine zina nguzo za taa, hivyo usiku unapoingia mchezo unaendelea.

Usiku huku unaingia mapema sana. Katikati ya Desemba jua linachomoza baada ya saa tatu asubuhi na linazama saa tisa na dakika chache alasiri. Mtu anayefanya kazi ndani ya jengo anaweza kumaliza wiki nzima bila kuliona, isipokuwa kupitia dirishani. Anatoka gizani, anarudi gizani, anapika, anapiga simu nyumbani, analala. Nimewaona watu wetu wakinyauka hivyo, watu ambao kwao walikuwa hawakosi mahali penye harusi wala mpira. Kwa hiyo msomaji anaposema tunaiga, mimi namwambia kwamba hawa watu wametoka nje wakacheza, basi. Kucheza nje ni kwetu pia.

Sasa niwapeleke darasani.

Somo la kwanza nawanyang'anya fimbo, zile za mkononi za kujisukumia. Mtu mzima akipewa fimbo mbili anaziegemea, na akiziegemea hatajifunza kusimama juu ya skii. Halafu nawavua na skii moja. Tunazunguka uwanja mguu mmoja ukiwa juu ya skii na mwingine ukisukuma chini kwa kiatu, kisha tunabadilisha. Hapo ndipo kicheko cha kwanza kinapotoka, maana ghafla mtu anahisi ile skii ikienda yenyewe chini yake na hajui atasimamia wapi. Anapiga ukelele, anashika bega la jirani, jirani naye anakwenda, wote wawili wanalala kwenye theluji wakicheka mpaka machozi. Nami nawaacha wacheke, kwa sababu kinachofuata ni somo la kuinuka, na sasa wana sababu ya kulisikiliza: geuza skii zilale kando kwa kando, zikate mteremko, piga goti, weka mikono mbele, inuka. Mama mmoja wa Bujumbura, aliyefika amejifunga kanga juu ya suruali ya baridi, alilirudia zoezi la kuanguka kwa hiari yake mpaka akaanza kuwasaidia wengine kuinuka. Alisema akishajua kuinuka hakuna tena cha kuogopa. Sijawahi kulieleza vizuri zaidi ya hapo.

Ufundi wa mchezo huu uko katika kuhamisha uzito. Skii imepinda kidogo, katikati yake ikiinuka. Ukiikanyaga kwa uzito wako wote, ile sehemu ya katikati inagusa theluji na kushika, nawe unapata mahali pa kujisukuma. Ukiuondoa uzito inainuka tena na skii inateleza kwa ncha zake. Wazoefu hupaka nta ya kushika pale katikati, na kuichagua nta ni elimu ya peke yake: kijani kwa baridi kali, buluu kwa baridi ya kawaida, zambarau nyuzijoto zikikaribia sifuri, na theluji ikishayeyuka ikaganda tena kuna dawa nzito ya kunata inayotoka kwenye mrija na kuharibu kila nguo inayoigusa. Wanaoanza siwasumbui na hayo. Nawapa skii zilizobandikwa vipande vya manyoya chini ya mguu. Yale manyoya hulala ukienda mbele na husimama skii ikitaka kurudi nyuma.

Ukiwaeleza watu habari ya uzito, wanakunja nyuso. Wanajiambia mkono wa kulia na mguu wa kushoto, wanasahau upi ulikuwa zamu, wanakakamaa. Jioni moja akina mama wawili wa Kikongo, waimbaji wa kwaya, walikuwa mbele ya mstari, na mmoja akaanzisha wimbo, wa aina ile ambayo kwaya huingilia nayo kanisani kwa madaha, hatua kulia, hatua kushoto. Mwenzake akaupokea. Mstari mzima ukaupokea, hata wasiojua maneno. Nikiwa nyuma nikaona mabega yanalegea, nyonga zinahama, uzito unakwenda wote kwenye mguu mmoja kisha wote kwenye mwingine, na skii zinaanza kuteleza kwa urefu. Ndicho kitu ambacho walimu wa skii wanakihangaikia kwa miezi. Watu hawa walikuwa nacho tangu utotoni, kilitaka wimbo tu. Siku hizi kila somo lina mwanzilishi wa wimbo, na zamu hiyo inagombewa. Wakenya wana mapambio yao ya haraka, yanafaa kwa tambarare. Wakongo wanapewa mpando, maana nyimbo zao zinaongeza nguvu kadiri zinavyokwenda.

Mwalimu mwenzangu aliwahi kuniuliza nawezaje kufundisha katika kelele zile. Mimi naona kelele ndizo zinazonisaidia. Wakiwa wanapiga soga, wanataniana, huyu anamtania yule kwa Kiswahili cha Kigoma na yule anamjibu kwa Kiswahili cha Bukavu, najua miguu yao iko salama. Wakinyamaza ghafla, najua tumefika mahali penye hofu, hata kama mimi mwenyewe sikuona kitu cha kuogopesha. Basi nasimamisha kundi, tunaongea. Darasa lililo kimya tangu mwanzo lingeninyima habari hiyo. Na kumfundisha mtu anayecheka kuna faida nyingine ya mwili wenyewe: anayecheka hawezi kukaza magoti.

Kuna mteremko mmoja katika njia yetu, si mrefu, lakini una kona chini na daraja dogo la mbao baada ya kona. Yule mzee mstaafu aliwahi kuendesha malori ya mizigo kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Alipofika juu ya mteremko ule kwa mara ya kwanza alisimama, akaegemea fimbo, akauangalia kwa muda, akasema, "Wanangu, hii ni Kitonga." Wasomaji wa Iringa hawahitaji maelezo; kwa wengine, huo ni mteremko mkali wa kona nyingi kwenye barabara kuu ya mkoa huo. Kisha akawageukia wenzake, "Kitonga huteremki na gia kubwa halafu uanze kutafuta breki katikati. Unaingia na gia ndogo tangu juu." Mimi hilo nalifundisha kwa maneno mengi: ncha za mbele zikaribiane, nyuma ziachane, skii zilalie kingo zake za ndani, magoti yalegee, macho yaangalie unakokwenda, na yote hayo uyafanye kabla kasi haijaja. Yeye alilimaliza kwa sentensi moja, akashuka taratibu, skii zikikwaruza theluji njia nzima, akapita kona, akapita daraja, akainua fimbo juu. Mteremko ule sasa unaitwa Kitonga. Wanafunzi wapya wanaulizwa tangu kwenye treni kama wamejiandaa na Kitonga.

Dada mmoja wa Kisii, muuguzi katika nyumba ya kulelea wazee, hakuitaka Kitonga kabisa. Anafanya kazi zamu za usiku na alikuwa akija akiwa amelala saa chache. Kwenye tambarare ni hodari, mapafu yake ni ya mtu wa milimani, lakini akifika pale juu anasema, "Mwalimu, mimi siteremki hapa, hata unilipe." Nami simbembelezi. Wanorwe wana kanuni za usalama wa milimani ambazo kila mtoto anazijua, na ya nane inasema ugeuke mapema, kwa kuwa hakuna aibu kugeuka. Zimechapishwa hata ndani ya karatasi ya chokoleti ya Kvikk Lunsj, ambayo watu huku wanaibeba kwenye safari za skii pamoja na machungwa tangu zamani. Basi dada yetu alikuwa anashuka kwa ubavu, hatua moja moja, skii zikikata mteremko, na kundi linamngoja chini bila neno la kumkera. Hilo nalisimamia kwa ukali: tunataniana juu ya kila kitu, lakini hofu ya mtu haitaniwi.

Jioni ambayo aliamua, hakumwambia mtu. Nilisikia tu nyuma yangu skii zikikwaruza, nikageuka, nikamwona anakuja, mikono imetanuka, mdomo wazi, kofia imemfunika jicho moja. Alipita kona. Alipita daraja. Akasimama kwenye theluji laini kando ya njia, akapiga kelele zilizosikika msitu mzima: "Mmeniona? Nimeshuka! Nani ameniona?" Wote walikuwa wamemwona. Yule mzee akamwambia, "Mwanangu, umeshuka na gia ndogo," na dada yule akaanza kupanda tena, ncha za skii zikitazama nje na visigino vikikutana, hatua kwa hatua, ashuke mara ya pili. Akapanda tena na tena. Treni tuliyokuwa tumepanga kuirudia ikatuacha, na hakuna aliyelalamika.

Ndugu Mhariri, hapo ndipo ninapopata furaha yangu. Namfundisha mtu mzima ambaye siku nzima ameamkia kazi ya kuinua wagonjwa au kusafisha ofisi za watu, mtu ambaye mshahara wake umeshagawanywa kabla haujaingia, ada huku, dawa kule, bati la paa la mama. Halafu jioni namwona anabishana na mteremko kwa sababu tu unampendeza. Hapati cheti, na hakuna anayempima muda. Niliwaomba mapema kwamba zile programu za simu zinazohesabu kilomita na mapigo ya moyo zikae mfukoni mpaka tumalize, nao wakakubali, kwa kuwa waliona kila aliyetazama simu aliharibu mwendo wake na wa aliye nyuma. Vilevile siwafundishi ule mtindo wa haraka wa kusukuma skii pembeni ambao wanamashindano wanautumia. Wakiutaka nitawapa. Kwanza nataka wajue kwenda mbali bila kuchoka, kusimama, kuinuka na kusoma alama za njia, ili Jumapili waweze kwenda wenyewe bila mwalimu.

Na wanakwenda. Kuna kibanda cha mapumziko Lilloseter, kilomita chache kutoka Ammerud, wanapouza kahawa na keki, na kuwasili pale kwa skii kwa mara ya kwanza ni sherehe. Wanorwe hutoa machungwa na mikate iliyopakwa jibini. Watu wangu hutoa chapati zilizofungwa kwenye kitambaa, maandazi, mayai ya kuchemsha, na chupa ya chai ya tangawizi. Mama wa Bujumbura haendi popote bila pilipili yake. Ukae kwenye benchi lile, uso una baridi na mgongo una joto, umezungukwa na watu wanaosimulia mianguko yao kwa ishara za mikono; mimi sijui mahali pengine Oslo ninapopenda kuwa kuliko hapo. Wazee wa Kinorwe hutusogelea kuuliza tumetoka wapi, na mazungumzo yakianza hayamaliziki, kwa kuwa Mnorwe ambaye kwenye basi hatakusemesha, msituni anageuka mtu wa maneno.

Kuna na habari ya watoto. Shule huku zina siku za skii. Mwalimu anatuma ujumbe: mtoto aje na skii, chakula na kinywaji cha moto. Mzazi wa kigeni anahangaika kutafuta vifaa, anampeleka mtoto, anarudi ndani. Mwaka baada ya mwaka mtoto anakuwa mtu wa msituni, mzazi anabaki mtu wa dirishani. Mama mmoja alinieleza kuwa furaha ya binti yake aliijua kwa picha za simu tu. Siku hizi wanakwenda pamoja, binti akiwa mbele akimwelekeza mama, na mama, ambaye nyumbani ndiye mwenye sauti, anapokea maelekezo kwa utii kamili mpaka watakapovua skii.

Najua wasomaji wengi watajiuliza habari ya baridi. Wanaotoka kwetu Makete wanajua kwamba mwezi wa sita na wa saba sakitu, yaani umande ulioganda, inatanda juu ya viazi na majani asubuhi, na watu wanakwenda shamba. Baridi inashindwa kwa kujua kuvaa. Wanafunzi wapya huja na makoti matatu mazito na fulana ya pamba ndani. Baada ya nusu saa wanatokwa jasho, pamba inalishika, na wakisimama kidogo tu wanaganda. Dawa ni fulana ya sufu inayogusa ngozi, kitu chepesi cha kuzuia upepo juu, na nguo kavu kwenye begi. Mikono na masikio ndivyo vya kulindwa zaidi. Anayeteleza kwa bidii hahitaji koti zito. Analihitaji akikaa kula chapati.

Kuhusu vifaa, siwezi kusema ni bure popote, lakini huku Norway kuna vituo vinavyoitwa BUA, katika miji mingi, vinavyoazima vifaa vya michezo bila malipo, skii, viatu na fimbo vikiwamo. Skii zilizotumika zinauzwa kwa bei ya kutupa kila msimu unapoisha, maana watoto wanakua. Mpishi wetu alinunua zake mtaani kwake kutoka kwa jirani anayehama. Zina mikwaruzo, zina rangi mbili tofauti, na hakuna anayeteleza kwa raha kumzidi.

Nina ombi kwako, Mhariri, na nina ombi kwa wasomaji.

Kwako: kila Olimpiki ya majira ya baridi inapokaribia, magazeti yetu yanakumbuka kwamba kuna skii, na yanamkumbuka Philip Boit wa Kenya. Ni haki akumbukwe. Mwaka 1998 kule Nagano, Japani, alikimbia kilomita 10 na kumaliza wa mwisho, wa 92, dakika 20 nyuma ya bingwa, na Bjørn Dæhlie wa Norway, aliyekuwa ameshinda medali ya dhahabu, akawa bado anamngoja kwenye mstari wa kumalizia ili amkumbatie. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie, na wazee wa Lilloseter wananisimulia habari hiyo hadi leo wakisikia tunatoka Afrika Mashariki. Mkumbukeni pia Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, aliyeiwakilisha Kenya Pyeongchang mwaka 2018. Lakini baada ya hao ukurasa unafungwa, na swali linabaki medali ngapi. Mpira hamuuandiki hivyo. Mnaandika habari za ligi kuu, na mnaandika pia za vijana wanaocheza mchangani jioni kwa kuwa wanaupenda. Tuandikieni na sisi wa mchangani. Tupo Oslo, na nina hakika wapo wengine wa Kiswahili katika miji mingi ya baridi ambao hawajapata hata mstari mmoja.

Kwenu wasomaji mlio na ndugu huku, na hasa kwenu wazazi, shikamooni. Nawaomba jambo moja. Mnapopiga simu mwezi wa kumi na mbili, mkaona kwenye picha kumekuwa kweupe, msiwaambie, "Mwanangu, usitoke nje, baridi itakuua." Najua ni mapenzi. Mama yangu mzazi aliniambia hivyo, na yeye ni mtu wa Makete. Lakini mtoto wenu anayasikia maneno hayo akiwa peke yake kwenye chumba chenye mapazia yaliyofungwa, na yanampa sababu ya kutofungua. Muulizeni leo amekwenda wapi kucheza. Muulizeni amekwenda na nani. Akiwaambia ameanguka, chekeni naye. Akiwaambia ameshuka mteremko, mpigieni vigelegele kwenye simu hiyohiyo, kwa sababu hajui atamwambia nani mwingine aelewe.

Na kama ndugu yenu yuko Oslo, mwambieni tunakutana kituo cha Grorud kila Jumatano saa kumi na mbili jioni, theluji ikishakuwa ya kutosha. Aje na glavu, kofia, fulana ya sufu na chakula cha kutosha yeye na jirani. Skii tutamtafutia. Kama anaimba, atakaa mbele.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa skii kutoka Makete
Oslo, Norway